Mguu Ulioketi

Kabla hajakuangalia uso, alikuwa ameshakuangalia miguu. Ukimsalimia, macho yake yalianzia kwenye kidole gumba, yakapanda mpaka goti, yakafika nyongani, halafu ndiyo akakujibu. Wanawake wa pale kambini walimsema kwa hiyo tabia, ati mzee mzima hana haya. Haikuwa hivyo. Sisi wengine tukiona mtu tunajiuliza ni wa nani. Yeye alijiuliza huyu akiketi, ataketi vizuri wapi.

Tulimwita Fundi wa Viti. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa, lakini sitaliandika kwa sababu sikulitumia hata siku moja. Kwao ni wapi, alizaliwa na nani, hayo waulizeni wengine. Mimi ninajua mikono yake na maneno yake. Tena ninajua neno moja nililopaswa kumwambia, nikakosa kumwambia, na alipozikwa sikuenda. Nimezeeka vizuri. Meno ninayo, macho ninayo, watoto wangu wote walisoma. Hilo neno tu ndilo halijazeeka.

Mambo haya yalikuwa kwenye shamba moja nje ya Eldoret, wakati wenyeji walikuwa bado wanaita mji Sisibo na vita vya Hitler vilikuwa vimeisha juzi. Shamba lilikuwa la mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Korongo, kwa sababu ya miguu yake, na pia kwa sababu alikuwa akiruka. Alikuwa na ndege ndogo ya watu wawili, mabawa yake kitambaa kilichopakwa dawa kikakazwa kama ngoma. Ililala kwenye banda karibu na mahali pa kukamulia, na uwanja wake ulikuwa malisho. Ikitaka kuruka, ng'ombe wanafukuzwa kwanza. Ikitaka kutua, inazunguka mara mbili juu ya nyumba, na sisi tunaacha kazi zote tukimbilie ng'ombe.

Baba yangu alikuwa mkamuaji hapo. Tulikuwa tumetoka Bunyore, hatuna kitu. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya Bwana, kashamba tulikolima kalikuwa ka Bwana, hata kuni tulizookota zilikuwa za Bwana. Mimi nilifua na kupiga pasi kwenye nyumba kubwa. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, mrembo, sidanganyi, na mwoga kama kuku wa mgeni.

Fundi alianza na matandiko ya farasi na kamba za ngozi za kufungia nira. Ndege ilimjia kwa bahati. Siku moja Bwana Korongo alishuka kutoka juu akichechemea, magoti yametoka damu, kwa sababu kiti kilikuwa karibu mno na magoti yaligonga ule ubao wenye saa nyingi. Fundi alikuwa anapita na tandiko begani. Akasimama.

"Bwana, hicho kiti kilitengenezewa mtu mwingine."

"Kilitengenezwa Ulaya," Bwana akasema.

"Ndiyo. Huyo mtu mwingine yuko huko."

Bwana alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akampa kazi. Fundi alitoa kiti, akatengeneza reli mbili za mti mgumu, akazifunga sakafuni, akatoboa tundu kwenye kila reli, akatia pini ya chuma. Ukitoa pini, kiti kinateleza mbele na nyuma. Ukirudisha pini, kiti kimekaa kama jiwe. Magoti ya Bwana yakapona. Habari ikatembea, na wazungu wengine wenye ndege wakaanza kuja, mmoja akatoka mpaka Kitale. Mtu ambaye hakuwahi kushika kitabu akawa anawaambia watu wa Ulaya wakae namna gani.

Ndani ya ndege hizo kuna pedali mbili za kukanyaga, na hizo ndizo zinazogeuza mkia. Mguu ukiwa mfupi kuliko kiti, pedali haifiki mwisho. Ukiwa mrefu, goti linaziba. Kwa hiyo Fundi alipima. Futi ya mbao alikuwa nayo, lakini aliidharau. Alipima kwa kamba ya pamba iliyosokotwa, kila mtu na yake. Fundo la kwanza nyongani, fundo la pili kwenye kisigino. Hakujua kusoma, basi zile kamba ndizo zilikuwa vitabu vyake. Alizining'iniza kwenye misumari bandani. Ukiingia unakuta wazungu wa wilaya nzima wametundikwa ukutani, na Fundi anaweza kukuambia huyu ni nani na huyu ni nani kwa kugusa tu.

Alikuwa na misemo yake, na alirudia bila aibu. "Mguu uliosimama si mguu ulioketi." Huo ndio alioupenda zaidi. Maana yake ni kwamba mtu akisimama anajirefusha, anajidai, lakini akiketi akasukuma kitu kwa wayo, hapo ndipo mguu unasema ukweli. Mwingine ulikuwa huu: "Tundu ni kidonda." Reli yenye matundu mengi hupasuka, kwa hiyo alitoboa mara moja tu kwa mtu mmoja, mahali pake hasa. Nilimsikia akimkatalia mzungu aliyetaka matundu sita ili achague. "Bwana, wewe una miguu mingapi?"

Na alijua kunyamaza. Alikuja Kaburu mmoja, mtu wa kelele nyingi, wa kupiga watu mateke. Fundi akampima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia. Akatengeneza kiti, halafu pedali moja akaifunga kipande cha ngozi nene, kimeshonwa vizuri kama mapambo. Kaburu alipokanyaga alinyamaza, akamwangalia Fundi, Fundi akaangalia paa. Kumbe mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na alikuwa ameficha hata kwa mke wake. Mimi nilijua tu kwa sababu nilikuwa nimeleta chai na niliona zile kamba mbili hazilingani. Nikamwuliza. Akaniambia, "Mama Pasi, mguu wa mtu ni siri yake. Peleka vikombe."

Mama Pasi ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya kupiga pasi. Msichana wa kumi na minne kuitwa mama, nilijisikia mkubwa.

Msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi kibaya. Sikuwahi kumsikia akisema "nimekosea", na nilimjua miaka. Alitengeneza kiti cha mhubiri pale kanisani, na mhubiri akiketi miguu inaning'inia kama ya mtoto, watu wanacheka wakati wa maombi. Wazee wakamwendea. Akasema kiti kiko sawa, Mungu ndiye aliyepunguza. Mpaka leo sijui kama alimpima yule mhubiri ama alitaka tu kumwonyesha.

Tena, mtu wa viti hakukalia kiti. Alikula akiwa juu ya debe lililopinduliwa, akafanya kazi juu ya debe, akapokea wageni juu ya debe. Mke wake alilia atengenezewe kiti hata kimoja, majirani wanamcheka. Alimwambia, "Wewe bado sijajua miguu yako." Na walikuwa wamezaa watoto watano. Na ile ndege yenyewe hakuipanda. Bwana alimwambia siku moja aingie waende wakaone ziwa. Fundi akasema asante, lakini yeye amezoea ng'ombe, ng'ombe akikuangusha unaanguka karibu.

Sasa nije kwa lile neno.

Bwana Korongo alikuwa na mke, Memsab, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye alikuwa amefundishwa kuruka huko kwao kabla hajaolewa. Bwana hakutaka aguse ndege. Basi Bwana alipokwenda Nairobi kwa mkutano wa wiki nzima, Memsab akamwita Fundi kwenye mlango wa jikoni, akamwambia anataka kiti chake. Alitaka Bwana akirudi amkute juu, anazunguka nyumba.

Fundi alikuwa ameshika kofia mkononi. Akamwangalia miguu kama kawaida yake, halafu akasema, "Memsab, lazima nipime mguu."

Mpishi aliangusha mwiko. Nani asiyejua wakati ule ulikuwaje? Mwanamume mweusi kugusa mguu wa mwanamke mzungu, hata kwa kamba, angechapwa kwanza halafu ndiyo aulizwe. Memsab akawa mwekundu mpaka shingoni. Fundi naye akaona alichosema. Akageuka haraka akanionyesha mimi nikiwa na kapu la nguo.

"Huyu msichana atapima, Memsab. Mimi sitakuwepo."

"Mzuri," Memsab akasema, akaingia ndani.

Fundi akanipeleka bandani, akanikalisha kwenye sanduku, akanifundisha. Mgongo uguse ukuta. Viatu vitoke. Wayo usukume ubao, wayo wote, si vidole. Fundo nyongani, fundo kisiginoni, usivute kamba, usiilegeze.

"Umesikia, Mama Pasi?"

"Nimesikia, Fundi."

"Rudia."

Nikarudia yote. Akanipa kamba mpya. Hakuwahi kumpa mtu mwingine kamba. Mke wake mwenyewe alikatazwa kuzigusa hata kufagia vumbi.

Nikaenda. Nilifika mpaka mlango wa chumba cha Memsab na mlango ulikuwa wazi, na yeye ameketi mezani anaandika barua. Ameketi tayari, mnaelewa? Miguu iko pale pale. Lakini wiki iliyopita alikuwa amenizaba kofi kwa kushika kitana chake, akaniambia mikono yangu isiguse mwili wake wala kitu cha mwilini mwake. Nikasimama na kamba. Akainua kichwa.

"Nini?"

"Nguo, Memsab. Nachukua nguo."

Nikaokota blauzi moja iliyokuwa safi, nikatoka.

Nje, kwenye waya, ilikuwa imeanikwa suruali yake, ile ile ya kurukia. Nimeifua asubuhi kwa mikono yangu. Nikaiangalia. Nikajiambia suruali ni nini? Ni miguu bila nyama. Nikafunga fundo la kwanza kwenye kiuno, nikanyoosha kamba, nikafunga la pili kwenye pindo. Ilichukua muda wa kumeza mate.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga pasi suruali ile. Nilijua Memsab ni mfupi na huikunja chini mara mbili, kila wiki nilizikaza zile kunjo kwa pasi. Ikiwa kwenye waya na maji yake, kunjo zimefunguka na kitambaa kimevutika. Vidole vitatu, pengine vinne. Nilijua, na siku hiyo sikukumbuka. Hapana, niandike ukweli. Sikutaka kukumbuka.

Nilimpelekea Fundi kamba. Akaisugua katikati ya vidole.

"Mbona imeloa?"

"Ni mikono yangu, Fundi. Nilikuwa nafua."

"Alikaa?"

"Alikaa."

"Viatu?"

"Alitoa."

Akaniangalia, safari hii usoni. "Haya," akasema. Akatoboa.

Siku ya pili tulikuja wote kutazama. Memsab akapanda, akakaa, Fundi akatia pini. Akamwambia akanyage. Nilikuwa nimesimama upande ule, niliona kila kitu. Niliona Memsab akinyoosha mguu, na kisigino chake kikainuka, akawa anasukuma kwa vidole kama mtu anayechungulia dirishani.

"Mpaka mwisho, Memsab," Fundi akasema.

"Mzuri sana, Fundi. Mzuri sana." Alikuwa na haraka, na furaha. Sikuwa nimemwona na furaha kabla ya siku hiyo.

Fundi akafungua mdomo. Halafu akaangalia kamba iliyokuwa begani mwake, na akafunga mdomo. Kamba ilisema hivi, macho yalisema vile, na maisha yake yote alikuwa ameamini kamba.

Aliruka vizuri. Wakati wa kutua upepo ulikuwa unatoka upande wa miti, unasukuma mkia. Hapo ndipo mtu anakanyaga pedali mpaka mwisho. Tuliona ndege imegusa chini, ikakimbia kidogo, halafu ikajigeuza yenyewe kama ndama aliyefika mwisho wa kamba. Gurudumu moja likavunjika, bawa likachimba udongo. Ng'ombe walikimbia mpaka mtoni. Memsab alitolewa mzima, lakini mkono ulivunjika mahali pawili, akapelekwa hospitali mjini. Wazungu wale sikuwapenda, siwezi kusema niliwapenda. Lakini nilimwona akibebwa na hakuwa akilia kwa sababu ya mkono. Aliangalia ndege.

Bwana alirudi. Asubuhi akatuita wote mbele ya banda. Alikuwa ameingia mwenyewe ndani ya ndege, ameona pini iko wapi.

"Nani alipima?"

Memsab alikuwa hospitali, hakuna wa kumwuliza. Mimi nilikuwa nimesimama na kapu langu. Nyuma yangu alikuwa baba na makopo ya maziwa, na nyuma ya baba ilikuwa nyumba yetu na mahindi yetu ambayo yalikuwa hayajakomaa. Nilisema moyoni, nikihesabu mpaka tatu nitasema. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

Fundi akatoka mbele.

"Kamba ilikuwa sawa, Bwana," akasema. "Mkono wangu ndio uliokosea tundu."

Yule yule wa kiti cha mhubiri. Watu waliangaliana. Mpishi alisema baadaye kwamba afadhali angesikia ng'ombe akiongea.

Bwana aliandika kitu kwenye kipande cha Fundi, kile cheti cha kazi, mstari mmoja, na kipande siku zile ndicho kilikuwa jina lako. Mzungu mwingine akikisoma hakupi kazi. Akaambiwa jua la saa sita lisimkute. Mke wake alifunga vyombo akiwa anaongea peke yake. Fundi alipita mbele ya jiwe langu la kufulia, debe lake kichwani, na mimi nikainama nikasugua shuka ambalo halikuwa na uchafu. Viatu vyake vilisimama kidogo. Halafu vikaenda. Zile kamba aliziacha ukutani. Wachungaji walizichukua moja moja wakafungia ndama.

Nilisikia habari zake kwa miaka. Ati anabeba magunia stesheni. Ati ameumia mgongo. Kila nikisikia nilisema nitakwenda Jumapili, na Jumapili ilikuwa na mambo yake. Niliolewa, tukahamia upande wa Kimumu. Binti yangu wa kwanza alipofika umri wa kusoma, shule ya kanisa ilikuwa mpya na haina hata benchi, kila mzazi alete kiti cha mtoto wake. Wanawake wakasema kuna mzee anatengeneza viti vya watoto, lakini ana ushamba, eti lazima akupime mtoto kwa kamba kwanza, anasema mtoto akiwa na miguu inayoning'inia hasikii mwalimu.

Sikuuliza ni mzee gani.

Nilimshika mtoto mkono tukaenda. Njia nzima nilikuwa nikiyafanyia mazoezi. Fundi, ilikuwa suruali. Maneno matatu tu. Fundi, ilikuwa suruali. Mtoto akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Alikuwa juu ya debe, nje, ameegemea ukuta wa mabanzi. Amekuwa mdogo. Nilisimama mbele yake na hakuniangalia miguu. Alielekeza sikio. Macho yalikuwa na ukungu mweupe.

"Hamjambo hapa," nikasema.

"Mama Pasi," akasema. "Sauti yako haijakua."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nasikia miguu midogo."

"Ni binti yangu. Ataanza shule."

"Ataanza shule," akarudia, kama mtu anayeonja mboga. Akapapasa ukutani nyuma yake, kwenye msumari, akatoa kamba, akaninyooshea. "Basi mpime. Mimi nimebakiwa na jua na moto tu, vingine sioni."

Nilimkalisha mtoto kwenye sanduku. Mgongo nikaugusisha ukuta. Viatu hakuwa navyo. Nikamwekea ubao, nikamwambia asukume kwa wayo wote, si kwa vidole, na kumbe nilikuwa nasema kwa sauti, maneno ya Fundi yote, mpangilio wake wote. Yeye hakutikisika. Fundo nyongani, fundo kisiginoni. Sikuvuta, sikulegeza. Nilipima mara mbili. Nikaiweka kamba kwenye kiganja chake.

Akaipitisha kutoka fundo mpaka fundo. Halafu akaisugua katikati ya vidole, polepole, kidole gumba kikienda na kurudi.

"Hii ni kavu," akasema.

Mtoto aliniangalia. Mdomo wangu ulikuwa wazi na yale maneno matatu yalikuwa ndani yake, yamejipanga.

"Kiti kitakuwa tayari lini, Fundi?"

Alikunja kamba vizuri, akaiweka kwenye paja.

"Alhamisi," akasema.

Alhamisi nilimtuma baba watoto.